Neno Moja Kwenye Safu ya Safari

Siku mliyoniaga pale kituoni mliniomba niseme mawili matatu, nikasema asanteni, nikakaa. Mkadhani nimezidiwa na machozi. Hayakuwa machozi. Nyuma ya meza ya keki lilikuwa kabati la mafaili, na nilijua kwamba kwenye droo ya tatu kuna fomu yenye mwandiko wangu, na kwenye fomu hiyo kuna neno "hakuna". Kwa sababu ya neno hilo, mwanamke mmoja wa ng'ambo alifariki Alhamisi asubuhi. Jumapili ya wiki hiyohiyo alikuwa amenipakulia chakula kwa mkono wake.

Nimefanya kazi ya afya kwenye mpaka wa Tunduma kwa zaidi ya miaka ishirini, na mpaka leo neno hilo sijalisahau. Sasa nina meza na nina muda. Nawaandikia ninyi mliobaki getini. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vimeandikwa mahali pengine na watu wanaovipenda.

Mimi ni mtoto wa Mbozi, wa kahawa na mahindi. Kabla ya Tunduma nilikuwa zahanati ya kijijini, ambako mgonjwa ukimwona anakuja unajua ametoka nyumba ipi. Nilipoambiwa naenda mpakani nilitegemea kukuta mto, au ukuta, au walau bendera kila baada ya hatua kadhaa. Nilichokikuta ni jiwe la zege, kimo cha goti, kati ya duka la magodoro na saluni. Mama mmoja alikuwa ameanika nguo. Upande huu kamba yake ilifungwa Tanzania na upande ule Zambia, na shuka lililokuwa katikati sijui lilikuwa raia wa nchi gani. Nilisimama nikilitazama mpaka mwenye kamba akaniuliza kama nimepotea.

Aliyenipokea ni Mzee Kibona, afisa afya wa siku nyingi, mtu wa Ibaba kule Ileje. Alikulia kwenye baridi ya milima na alivaa sweta la kijani hata mwezi wa kumi, wakati sisi wengine tunatafuta kivuli. Asubuhi ya kwanza alinipa daftari, akanikalisha kwenye njia ya waendao kwa miguu, akasema, "Waulize wanaoingia, uandike."

Mtu wangu wa kwanza alikuwa mama mwenye beseni la nyanya.

"Mama, kwa siku ishirini na moja zilizopita umesafiri kwenda nchi gani?"

"Sijasafiri."

"Lakini unatoka Zambia sasa hivi."

Akanitazama kama nimemtukana. "Natoka kwa dada. Si hapo tu?"

Wa pili alitoka kusaga mahindi, wa tatu alitoka kudai chitenge chake kwa fundi, wa nne alisema anaishi huku ila analala kule. Wote hawakuwa wamesafiri. Hadi saa sita daftari langu lilionyesha kwamba watu wa Tunduma hawana tabia ya kutoka nyumbani. Mzee Kibona alilisoma ukurasa kwa ukurasa.

"Mwandiko mzuri," akasema. "Mstari umenyooka. Na hakuna hata mmoja aliyetoka popote."

"Ndivyo walivyosema, mzee."

"Ndivyo ulivyowauliza. Safari kwao ni basi la Dar es Salaam na begi. Hapo ng'ambo si safari." Akavuta kiti. "Wewe uliza matatu. Umelala wapi. Umekula wapi. Umemzika nani."

Hilo la tatu lilinishtua, nikamwambia siwezi kumuuliza mtu mzima swali kama hilo njiani.

"Utaweza. Msibani ndiko watu wanakonawa beseni moja, wanamwosha marehemu na kushikana mikono wote. Na mtu anayekwenda msibani hasemi anasafiri. Anasema anakwenda msibani."

Nilijifunza kuuliza. Watu wa hapa hawakukasirika kama nilivyoogopa. Ukiuliza safari wanakujibu kama askari, ukiuliza msiba wanakaa chini na kukuhadithia.

Kutoka kwa mzee huyo nilipata pia tabia ambayo wengine mliicheka. Hakuruhusu kufuta kosa kwa rangi nyeupe wala kulichora mpaka lisionekane. "Piga mstari mmoja juu yake, andika lililo sahihi pembeni, weka saini. Kosa lisomeke. Anayekuja nyuma yako atataka kujua ulidhani nini." Nilidhani ni ukaidi wa uzee. Baadaye mstari mmoja wa namna hiyo ulinikalia kifuani.

Vifaa vyetu wakati huo vilikuwa daftari, peni mbili, kipimajoto cha zebaki na macho. Madereva wa malori walikuja na kadi za njano za chanjo, na kazi yetu ilikuwa kuzisoma. Siku moja walifika saba kwa mfuatano, wamepakia shaba kutoka Congo. Kadi saba zilikuwa na wino mmoja, saini moja na tarehe moja, ila miji mitatu tofauti. Mzee Kibona alizipanga mezani kama karata.

"Nesi huyu ana mkono usiochoka," akasema. "Na ana helikopta."

Dereva mkubwa kuliko wote akacheka peke yake, kisha akaacha. Walichanjwa wote saba siku ile, na huyo mkubwa ndiye aliyezimia alipoiona sindano.

Wiki ya pili nilipelekwa kutambulishwa kwa mwenzetu wa Nakonde, mji wa upande wa Zambia. Aliitwa Ba Mulenga. Hiyo "Ba" ni heshima ya kwao, kama sisi tunavyosema mzee fulani. Alikuwa mwembamba, mpole, Kiswahili chake cha sokoni lakini hakikosi neno. Tulisalimiana tukiwa tumesimama kwenye jiwe la mpaka.

"Mama Afya," akasema, na jina hilo sikulivua tena, "taarifa yako ikienda kwa maandishi itapanda mkoani, itaenda Dodoma, itaruka Lusaka, ndipo ishuke kwangu. Mimi naliona paa lako kutoka hapa. Piga simu kwanza, mukwai, halafu uandike." "Mukwai" ni neno lao la adabu.

Nikamwahidi. Namba yake iliandikwa ya kwanza kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya meza yangu, juu ya polisi na juu ya zimamoto.

Baada ya miaka kadhaa yakaja mafunzo ya Kanuni za Afya za Kimataifa. Najua wengi wenu mmezisoma kwenye slaidi mkisubiri chakula cha mchana, kwa hiyo niseme kwa maneno yangu. Nchi zimekubaliana kwamba ugonjwa wa hatari si siri ya mwenye nyumba. Kila nchi ina dawati moja la kupokea taarifa kutoka chini na kuzipeleka kwa dunia. Likitokea tukio la kutilia shaka, kuna maswali manne. Je, madhara yake ni makubwa? Je, si la kawaida? Je, laweza kuvuka mpaka? Je, laweza kufanya biashara au safari zizuiwe? Ukipata "ndiyo" mbili, nchi ina saa ishirini na nne kutoa taarifa. Huko juu kabisa, tukio likiwa zito, wataalamu huitwa kikao na mkuu wa shirika la afya la dunia hutangaza dharura ya dunia nzima. Nikiwa karibu kuondoka zilifanyiwa marekebisho, ikaongezwa ngazi nyingine juu ya hiyo. Lakini ngazi zote hizo, hata ziongezwe ngapi, ya chini kabisa ni mtu mmoja getini mwenye peni.

Niliyapenda maswali yale. Mimi ni mtu wa mpangilio. Niliyaandika kwa herufi kubwa, nikayaweka kwenye plastiki, nikayatundika ukutani. Mzee Kibona, aliyekuwa amebakiza miezi michache kustaafu, aliyasoma akiwa amevua miwani.

"Mazuri," akasema. "Haya ni ya mezani. Yale yangu ni ya barabarani. Usiyabadilishane."

"Sitayabadilishana, mzee."

"Hili la tatu, la kuvuka mpaka, hapa Tunduma ungeliandika jibu kabisa, uokoe wino."

Tulicheka. Akarudi Ibaba na sweta lake.

Dharura ya korona ilipotangazwa niliisikia redioni nikiwa napima kifungua kinywa cha dereva. Namaanisha nilikuwa nampima joto naye anatafuna. Nilisimama. Neno nililofundishwa kwenye semina lilikuwa linasemwa na mtangazaji wa habari. Ndani ya miezi michache foleni ya malori ilipita Mpemba, mji mdogo wa jirani. Tulikuwa na vile vipimajoto vya kuelekeza kwenye paji la uso, madereva wakaviita bastola.

"Mama Afya, hiyo inaua?"

"Inaua waongo. Ulilala wapi jana?"

Nilijifunza kwamba mtu akitoka kwenye kabini iliyochomwa na jua anaonyesha joto la homa, na ukimkalisha kivulini kidogo anapona. Hilo halikuwa kwenye slaidi. Lakini kilichonishtua zaidi kipindi kile hakikuwa foleni. Siku moja nilipita kwa yule mama wa kamba ya nguo nikakuta kamba imekatwa, kipande kinaning'inia upande wetu. Nikauliza ni askari gani ameikata.

"Nimeikata mwenyewe," akasema. "Nimeogopa."

Kanuni zinasema tusizuie watu kuliko inavyolazimu. Hazisemi umfanye nini mtu aliyejizuia mwenyewe kwa hofu. Mwaka uliofuata aliifunga upya, na nilifurahi kuliko nilivyofurahia chanjo.

Nimefika kwenye fomu sasa.

Ilikuwa miaka michache baada ya korona, mvua zimeanza. Jumamosi tukapata habari kwamba mama mkubwa wa mume wangu, aliyeolewa Nakonde tangu usichana, amefariki. Tukauliza ameumwa nini. Wakasema uzee, na tumbo la siku moja.

Mtu wa afya akisikia "tumbo la siku moja" wakati wa mvua anatakiwa asimame hapohapo. Mimi nilikuwa nimeshafunga khanga kiunoni. Nilikuwa mkamwana wa ukoo, nilikuwa natafuta sufuria kubwa.

Jumapili tulivuka kwa njia ya nyuma ya soko, kama tulivyovuka siku zote kwenda harusini na misibani, wanawake na sufuria kichwani, wanaume na magunia. Wifi yangu Edina, dada mdogo wa mume wangu, alikuwa amekwenda tangu Jumamosi, na ni yeye na wanawake wengine wa ukoo waliomwosha marehemu. Nyumba ya msiba ilikuwa na geti la bluu, na mbele yake duka la matairi la mwenye nyumba. Mimi nilikaa kwenye mkeka karibu na geti.

Mama Chanda ndiye aliyekuwa binti wa marehemu na mke wa mwenye duka. Kwa mume wangu ni dada, kwa hiyo kwangu naye ni wifi. Alikuwa mwanamke wa sauti kubwa, na hata msiba wa mama yake haukuizima. Alipita na beseni la kunawia. Lilikuwa limeshazunguka mkeka mzima, maji yamekuwa rangi ya chai. Niliona. Nikaona pia wanawake wanaonitazama.

"Wifi, nawa," akasema. "Au mtu wa afya anaogopa maji yetu?"

"Nani aogope?"

"Jamani mpeni kile kibastola chake, aupime ugali kwanza."

Mkeka wote ukacheka, na katika siku ile kicheko kilikuwa rehema. Nikanawa. Akanipakulia ugali wa moto na kapenta, dagaa wa kwao, akasimama juu yangu mpaka nikamaliza, kisha akasema kwa nguvu ili wote wasikie, "Mmemwona? Amekula."

Jumanne asubuhi Edina aliletwa kituo cha afya akiwa amebebwa. Kuharisha maji tupu, macho yameingia ndani, ngozi ya mkono ukiivuta inabaki imesimama. Daktari wetu, kijana wa Singida, alitumia kipimo cha haraka, akanipigia simu, nikafika nikiwa na fomu mkononi. Dripu mbili zilikuwa zinaingia na Edina alikuwa ameanza kufungua macho.

"Kipindupindu, Mama Afya," daktari akasema. "Karibu nina hakika. Ana historia ya safari?"

"Nani, Edina? Huyu mwaka huu hajafika hata Mpemba."

Manesi wakacheka. Edina naye akatabasamu kwa taabu. "Wifi ananisema mbele za watu," akanong'ona.

Daktari hakuwa mwenyeji. Aliuliza, nikamjibu, akaamini. Mimi sikumuuliza Edina kitu. Kwa nini nimuulize? Namjua jina, namjua umri, namjua choo chake na kisima chake. Wagonjwa wageni niliwauliza yale matatu bila kuruka. Huyu alikuwa wa kwangu, nikamjazia fomu mwenyewe kwa kichwa. Safu ya safari: hakuna.

Kisha nikarudi ofisini kwangu, nikageukia maswali manne ukutani. Madhara makubwa? Ndiyo, kipindupindu ni kipindupindu. Si la kawaida? Hapana, ni msimu wa mvua. La kuvuka mpaka? Nikaangalia safu ya safari, nikaona neno langu, nikaandika hapana. Kuzuia biashara? Hapana. "Ndiyo" moja tu. Taarifa ikaenda kama tukio la ndani, kwa njia yake ya kawaida. Namba ya Ba Mulenga ilikuwa pale pale, ya kwanza, na sikuipiga, kwa kuwa kwa karatasi yangu hakukuwa na kitu cha kumwambia.

Jumatano yote nilifanya kazi ambayo mkaguzi yeyote angeisifu. Nilipulizia klorini choo cha Edina, nikachukua maji ya kisima chake, nikagawa ndoo za koki kwa majirani, nikazunguka nyumba kwa nyumba. Nilitafuta chanzo cha ugonjwa mtaa mzima wa upande wetu. Maji ya kisima yalikuwa safi. Nikashangaa, nikayapima tena.

Alhamisi, saa nne asubuhi, simu ililia.

"Mama Afya, mulishani, habari za huko. Kwenu kuna watu wanaharisha?"

"Ninaye mmoja. Kuna nini, Ba Mulenga?"

"Nina nyumba moja ya msiba hapa. Watatu wako hoi, mmoja amefariki leo asubuhi. Mwanamke. Walizika Jumapili, na wanasema watu wa kwenu walikuja wengi. Nataka majina."

"Nyumba ya nani?"

"Ya mzee mmoja wa matairi. Ina geti la bluu."

Nilikuwa nimesimama. Nakumbuka niliitazama mikono yangu. Nilikwenda kwenye ndoo nikanawa, simu nimeibana begani, nikarudi, nikaenda nikanawa tena. Ba Mulenga alikuwa anaita, hallo, hallo.

"Aliyefariki ni nani?"

"Wanamwita Mama Chanda. Mama Afya, uko hapo?"

"Nilikuwepo," nikasema.

"Wapi?"

"Hapo kwenye geti la bluu. Jumapili. Na huyu mgonjwa niliyenaye ndiye aliyemwosha marehemu."

Nilisikia malori, ila sikujua ni ya upande wangu au ya kwake.

"Anaumwa tangu lini, huyo wako?"

"Jumanne."

"Jumanne," akasema. Hakupandisha sauti. "Leo ni Alhamisi, mukwai."

Nililitoa faili. Nikapiga mstari mmoja juu ya neno "hakuna", nikaandika pembeni: Nakonde, msibani, siku mbili, ameosha maiti, amekula. Nikaweka saini. Jibu la swali la tatu nalo nikalipiga mstari, nikaandika ndiyo. Zikawa mbili. Saini yangu hiyo haifanani na saini zangu nyingine, na mtu anayekagua kadi za njano angeikataa.

Kabla ya saa sita taarifa ilikuwa imeshapanda mpaka kwenye dawati la taifa, na Ba Mulenga alikuwa na orodha kamili ya waombolezaji wa upande wetu. Hakuna afisa aliyewahi kutoa orodha nzuri kama ile. Sikumuuliza mtu. Nilifumba macho nikaupitia mkeka, kutoka getini hadi jikoni, jina kwa jina. Kila aliyekuwa kwenye orodha alifikiwa siku ileile, na kwa upande wetu hatukumpoteza hata mmoja. Wale watatu wa ng'ambo walipona. Edina alipona.

Nilipomweleza daktari, akasema, "Mimi ningekuuliza tena, lakini mlivyocheka niliona aibu." Nilipomweleza mkuu wangu, alisoma fomu, akarudisha faili taratibu. "Mtu yeyote wa hapa angeandika hivyohivyo," akasema. Alikusudia kunifariji. Nililala na maneno hayo siku nyingi, kwa sababu yalikuwa kweli. Siku ya kwanza nilishangaa mama wa nyanya. Miaka ikapita, nikaolewa, nikazaa, nikazoea, na mpaka ukafutika kichwani mwangu kama ulivyofutika kichwani mwake. Tofauti ni kwamba yeye hakupewa peni.

Hali ilipotulia nilikwenda kwenye geti la bluu. Mume wangu alitaka tuende wote, nikamwomba aniache. Mwenye nyumba, Ba Chanda, alikuwa anatoa tairi kwenye rimu. Alinikaribisha, akaniletea kiti, akaendelea kusimama. Nikamwambia kila kitu, kuanzia kile kicheko cha kituo cha afya hadi Alhamisi. Sikupunguza.

Alifuta mikono kwa kitambaa cha grisi, kidole kimoja kimoja.

"Jumanne mchana alipoanza kuharisha," akasema, "nilimwambia twende kliniki. Akakataa. Akasema, ingekuwa kitu cha hatari wifi wa afya angeshatuambia. Akasema, si alikula hapa?"

Ndugu zangu, niliwahi kuona maiti barabarani, niliwahi kuona korona ikimchukua mtu akiwa bado anazungumza. Hakuna kilichowahi kunipiga namna ile. Mimi nilikula ili wasiseme naringa. Yeye alinitazama nikila, akahesabu kwamba nyumba yake imepimwa ikaonekana salama.

"Alikupenda," Ba Chanda akasema. "Alipenda kukuchokoza." Akarudi kwenye tairi lake.

Tangu wiki ile, nyuma ya kila fomu kituoni kwetu kuna yale maswali matatu ya Mzee Kibona, na hakuna afisa anayemjazia ndugu yake fomu, anamwita mwenzake. Mzee mwenyewe nilimfuata Ibaba nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho akiwa ndani ya sweta lilelile.

"Ulipiga mstari mmoja?" akauliza.

"Mmoja."

"Linasomeka?"

"Linasomeka, mzee."

Akaitikia kwa kichwa.

Sasa niwaambie la juzi. Mwezi uliopita nilikwenda kwa Ba Chanda, binti yake amejifungua. Wakati wa kurudi ningeweza kupita nyuma ya soko kama zamani. Nilizunguka mpaka getini, na kikapu changu, nikapanga mstari nyuma ya mama mmoja mwenye ndoo. Zamu ilikuwa ya Zuhura, afisa wetu kutoka Tanga. Mnajua jinsi asivyomwachia mtu, ila mimi alitaka kuniachia.

"Shikamoo, Mama Afya. Pita tu, mama."

"Marahaba. Nisipite. Niulize."

Akanitazama, akaona sitanii, akavuta fomu akaigeuza nyuma.

"Umelala wapi, mama?"

"Tunduma, nyumbani."

"Umekula wapi?"

"Nakonde. Nyumba ya geti la bluu."

Akaandika. Peni ikasimama kwenye safu ya tatu.

"Umemzika nani?"

"Mama Chanda," nikasema.

Zuhura aliinua macho. Faili lile alilisoma wiki yake ya kwanza kazini, nilimpa mwenyewe. Nyuma yangu mtu alianza kulalamika kuhusu foleni.

"Mama," akasema taratibu, "hiyo siku zake ishirini na moja zimepita."

"Kwa kanuni zimepita. Andika inavyotakiwa."

Akainama, akaandika kwa mwandiko wake ulionyooka: hakuna. Alikuwa sahihi. Nilihakikisha limesomeka vizuri, nikaweka saini chini yake, nikachukua kikapu changu.